Walisema Ni Nyoka

Kifafa kinaua. Naanza na maneno hayo kwa sababu mimi niliyasikia nikiwa mtu mzima, nina kovu la moto mkononi na meno mawili yamekwisha kuvunjika, na walioyajua kabla yangu walikuwa wakila nami sahani moja. Kama unaugua ugonjwa huu, au una mtoto anayeugua, basi umekwisha kupata kwa mstari mmoja kile nilichofichwa utoto wangu wote. Ukitaka kuacha kusoma hapa, acha. Lakini kameze dawa yako kwanza.

Naitwa Wakesho. Nilizaliwa Mwanda, juu kule Taita, katika nyumba iliyo chini kidogo ya mfereji. Mfereji wetu unatoka kwenye chemchemi msituni, unapita ubavuni mwa mlima na kugawa maji kwa mashamba, kila boma na zamu yake. Maji hayo hayo ndiyo tuliyokunywa, tuliyopikia na kufulia. Msimamizi wa zamu alikuwa Mzee Kilambo, jirani yetu wa upande wa juu, mzee wa kanisa na mtu wa kuheshimiwa. Mtu akiiba maji ya mwenzake, kesi ilikwisha kwake, na alilosema ndilo lililokuwa.

Kaka yangu Mwadime alikufa nikiwa darasa la pili, miaka michache baada ya Uhuru. Alitoka mapema kufungua maji kwa kuwa zamu ilikuwa yetu, na hakurudi kunywa chai. Nilichokiona mimi ni watu wakimleta kwenye blanketi, nguo zinachuruzika, na mama amekaa chini uwanjani hana kitambaa kichwani. Nikauliza kaka amefanya nini. Aliyenijibu ni Mzee Kilambo. Aliinama, akanishika bega.

"Kaka yako ameumwa na nyoka, mwanangu. Nenda ukamshike mama yako."

Basi, ikawa nyoka. Kanisani nyoka, shuleni nyoka, sokoni Wundanyi watu walitupa pole ya nyoka. Vijana walifyeka majani yote kando ya mfereji. Mama alipanda vitunguu saumu kuzunguka nyumba, eti nyoka hapendi harufu yake, na leo nikikumbuka vile alivyovimwagilia kwa bidii huwa sijui nicheke au nimlilie. Mimi nilikuwa sipiti penye nyasi ndefu bila kijiti mkononi. Nilikua nikimwogopa nyoka ambaye hakuwepo, na kilichomuua kaka nilikuwa nacho mwenyewe kichwani.

Kilinishika darasa la saba, wakati wa mvua za vuli. Sikumbuki kuanguka. Mwenye kifafa hakumbuki kuanguka, anakumbuka kuamka: ulimi unauma, sketi imelowa, na nyuso zimekuzunguka kwa mbali. Kwa mbali, nasema. Darasa zima lilikuwa limejibana ukutani, na mwalimu amesimama mlangoni na rula yake kama mtu anayengoja mbwa wa watu apite. Rafiki yangu, tuliyekuwa tukigawana dawati tangu darasa la tatu, alikuwa amekumbatia vitabu vyake. Kesho yake alihama. Nilipomuuliza kulikoni, alisema bila ubaya wowote, "Mama amesema povu lako likinigusa na mimi nitaanguka."

Nyumbani mama alifunga mlango, akaniambia nitoe ulimi. Aliutazama muda mrefu. Hakuniuliza kilichotokea, wala kama nilipiga kichwa, wala chochote ambacho mzazi huuliza. Wakati huo niliona ni upole. Leo najua hakuuliza kwa sababu alikuwa amekwisha kuona ulimi mwingine kama ule.

"Ni kitu kidogo," alisema. "Kifafa hakiui, Wakesho. Kinaaibisha tu. Tutakitibu kimya kimya."

Kimya kimya maana yake ilikuwa Voi. Hospitali ilikuwepo karibu, ungeweza kwenda na kurudi ukakuta jua bado lipo, lakini pale tungekutana na watu wa Mwanda. Tukateremka basi mpaka Voi, ambako mama alisema, ukimtoa shangazi, hakuna anayetujua na joto lenyewe halimwachii mtu nafasi ya kuuliza habari za watu. Nguo za mlimani tulizovaa zilitushika mwilini kama plasta.

Wagonjwa wa kifafa tulikuwa na siku yetu na benchi letu, kwenye veranda, mwisho kabisa, karibu na choo. Sijui ni nani aliyeamua tukae huko. Walikuwepo watu wa mashamba ya mkonge, Wakamba wenye biashara mjini, mama mmoja wa Kiislamu aliyekuja na kijana wake mkubwa amemfunga mkanda kiunoni kwa leso ili akianguka amvute. Tulikaa tangu milango inafunguliwa mpaka kivuli cha veranda kihame upande wa pili. Mtu akianguka, watu wa mabenchi mengine walisimama na kusogea, sisi wa benchi letu tuliinua miguu tu tukampisha mama wa Kiislamu, ambaye hakumwogopa mtu. Alimlaza mtu ubavu, akampanguza mdomo kwa leso ile ile, akarudi kukaa. Mara moja alinipa nusu ya mkate wake wa kumimina, akaniambia, "Kula, binti. Ugonjwa si dhambi." Nilitamani mama yangu ndiye aliyesema hivyo.

Daktari aliuliza maswali yake. Nilianguka lini, nilikojoa, niliuma ulimi. Kisha akamgeukia mama.

"Katika ukoo, kuna mwingine aliyekuwa na hali hii?"

"Hapana, daktari. Ni huyu tu."

"Ndugu zake wote wazima?"

"Mmoja alikufa." Mama aliweka mkoba wake vizuri magotini. "Aliumwa na nyoka."

Mimi nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa shahidi wake na sikujua.

Nikatolewa nje nikapimwe damu, mama akabaki kusikiliza maagizo. Kwenye basi nilimuuliza mama, daktari amesemaje. "Amesema unywe dawa na upumzike." Ni miaka mingi baadaye nilipojua, kutoka kwa muuguzi wa pale pale, kwamba kila mzazi huambiwa mambo yale yale: mtoto asiende majini peke yake, asiachwe peke yake na moto, na dawa isikatwe ghafla kwa sababu yoyote ile, maana inaweza kumrudisha vibaya kuliko alivyoanza na hata kumuua. Mama aliyasikia yote hayo. Alipanda nayo mlima akayaweka pale alipoweka ya Mwadime.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mwaka wa vidonge vyeupe vidogo. Kuanguka kulipungua, lakini nilikuwa nalala kila mahali, nalala nikichambua maharagwe, nalala kanisani. Mtihani wa darasa la saba niliufanya nikiwa nusu usingizini, na sikwenda sekondari. Baadaye nikabadilishiwa dawa. Hiyo ilinirudishia macho, ikaniharibia mdomo. Ufizi uliota. Ulipanda juu ya meno, mwekundu, umevimba, ukawa unatoka damu nikila hata ndizi mbivu. Msichana wa miaka kumi na saba nilikuwa nacheka nimejiziba kwa leso. Vijana wa njiapanda wakanipa jina ambalo sitaliandika hapa, kwa sababu wengine wao sasa wana wajukuu na wanajifanya hawakumbuki.

Nikamlilia mama. Nilimwambia afadhali nianguke kuliko kuishi na mdomo ule. Mama angeweza kusema neno moja tu. Angeweza kusema kaka yako. Badala yake alinipapasa mgongo.

"Basi pumzika na hiyo dawa kidogo. Si nilikwambia hakiui?"

Niliacha mwanzoni mwa masika, tukipanda. Mahindi yalikuwa hayajafika gotini nilipoanguka juu ya mafiga. Nilikuwa peke yangu jikoni, nasonga ugali. Aliyenikuta ni mkwe wa Mzee Kilambo, mke wa mwanawe, tuliyemwita Mama Saru. Alikuwa ametoka Rukanga, chini ya mlima Kasigau, ameolewa kwetu miaka michache tu. Alikuja kuomba kijinga cha moto, mtoto Saru akiwa mgongoni. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa ndani ya makaa na mimi natikisika. Alinivuta kwa mikono yake miwili, na povu na yote, akaniweka kifuani mwake akipiga kelele watu waje. Walikuja, wakasimama uani. Nilipozinduka nilimsikia akiwauliza, "Mnaangalia nini? Leteni maji."

Tangu siku hiyo yule mwanamke ni ndugu yangu. Nalisema mapema ili uelewe kwa nini yaliyofuata yaliniuma vile.

Mkono ulipona kwa miezi, ngozi imekunjamana kama ya ndizi iliyochomwa. Lakini kuanguka hakukukoma. Kulifuatana, kumoja hakujaisha kwingine kumeanza, nikawa mtu wa kulala kwenye mkeka. Hapo ndipo alipokuja mjomba Nyambu, kaka yake mama, na kibuyu cha pombe ya miwa.

Kwetu kuna kutasa. Wazee wetu waliamini hasira iliyofichwa moyoni mwa ndugu, aliye hai au aliyekufa, yaweza kumkalia mtu ikawa ugonjwa. Basi jamaa hukusanyika, na kila mmoja huchukua funda la pombe au maji, hulipuliza nje, na kutamka anachokitupa. Mama hakutaka. "Sisi ni watu wa kanisa," alisema.

"Hata mimi nimebatizwa," mjomba alimjibu. "Kaa hapo."

Tulikuwa jamaa tu, uani, jua la asubuhi. Shangazi yangu wa Voi alipuliza akasema alikuwa na kinyongo cha mbuzi wa mahari. Baba, aliyekuwa mtu wa maneno machache sana, alipuliza akasema hana kitu. Zamu ya mjomba ilipofika alisimama juu ya mkeka wangu, akavuta funda, akapuliza upande wa kaburi la kaka yangu.

"Mwadime, mwana wa dada yangu. Kama una hasira kwa kuwa tulisema ni nyoka na hakuwa nyoka, itupe. Tulikuficha kwa ajili ya maji, si kwa kukuchukia. Ugonjwa wako usimtwae na mdogo wako. Tupa, baba, tupa."

Mama akamkatiza. "Nyambu, mtoto anasikia."

Mjomba alifuta midomo. "Ndiyo maana nasema. Kutasa na uongo moyoni ni kutema maji tu."

Nililala pale na matone ya pombe shavuni. Niliwatazama mmoja mmoja: baba, shangazi, mama. Hakuna aliyeonekana kushangaa. Hapo ndipo nilipojua kwamba katika ukoo mzima mgeni wa habari ile alikuwa mimi, mwenye ugonjwa.

Kesho yake nilimbana mama. Tulikuwa tukipukuchua mahindi, na hakuacha kupukuchua alipokuwa akisema. Mwadime alianza kuanguka akiwa kijana wa kidato cha kwanza. Walimtibu kimya kimya. Siku ile alianguka kwenye mfereji, uso chini, kwenye maji yasiyofika hata magotini. Mzee Kilambo na mwenzake walikuwa wakikagua zamu, wakamkuta.

"Walimkuta amekufa?"

Mama alichukua gunzi jingine. "Walimkuta angali akipigapiga miguu."

"Kwa nini hawakumtoa?"

"Waliogopa povu. Maji yale yalikuwa yanakwenda majumbani, Wakesho. Nyumba zote za chini zilikuwa zinachota saa ile. Walikimbia chini kwanza kuyaziba kwa udongo, povu lisiwafikie watu. Waliporudi, alikuwa ametulia."

Mtu yeyote aliyewahi kumwagilia shamba anajua kwamba ukiyaziba maji chini, yanajaa juu. Sikumwambia mama hilo. Nadhani alilijua.

Mchana wake wazee wa mfereji walikaa. Ikijulikana mtu amekufa kifafa ndani ya maji, nani angeyanywa tena? Na mfereji ukiachwa, watu wangekula nini? Mzee Kilambo akasema nyoka. Wote wakaitikia. Mama naye akaitikia, kwa sababu, alivyoniambia akinitazama kwa mara ya kwanza tangu tuanze, "Nilikuwa na wewe, binti wa kuozwa. Nani angekuja kuposa nyumba yenye kifafa?"

"Na mimi nilipoanguka?"

"Nilifikiri wewe chako ni kidogo."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya watu wa mfereji wetu ilitutosha miaka kumi na zaidi, na ilikuwa bado inakwenda. Nilikuwa nimemwamkia Mzee Kilambo kila asubuhi ya maisha yangu. Nilikuwa nimekunywa maji yake. Lakini yeye alikuwa jirani, na jirani unaweza kumchukia ukaendelea kuishi. Mama ndiye aliyenishinda. Alimpoteza mtoto kwa sababu watu waliogopa, kisha akachukua woga ule ule akamlelea nao mtoto wa pili. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na mimi nguo yenyewe nilishonewa na mama.

Shangazi alinichukua Voi wiki ile ile. Sikumuaga mama vizuri.

Voi ndiko nilikoponea, kama neno kupona linafaa. Shangazi alikuwa na chumba cha nyuma karibu na reli na cherehani mbili. Alinifunza kushona, akaweka sheria: sioshi nguo mtoni, sibandiki sufuria bila mtu jikoni, na dawa namezea mbele yake. Nilirudishwa kwenye vidonge vyeupe, kipimo kingine, na ufizi ukaanza kushuka polepole kwa maji ya chumvi na subira. Misimu ilipita nikihesabu tarehe za kliniki. Kwanza nilianguka kila mwezi, kisha mvua kwa mvua, kisha ukapita mwaka mzima wa jua na mvua zake. Benchi lilikuwa lile lile karibu na choo. Mama wa Kiislamu alikuja siku moja bila kijana wake, ameleta vidonge vilivyobaki. Alimkuta asubuhi kitandani, amelala kifudifudi, baridi. "Hakuna aliyeniambia inaweza kuwa hivi," alisema, na yeye ndiye aliyekuwa anajua kuliko sote.

Basi nikaanza kusema. Pale pale kwenye benchi, kwa kila mgeni. Niliwaambia watu kwamba povu ni mate tu, haliambukizi mtu, mimi nimetemewa na kuwatemea wengine na shangazi yangu hajaanguka hata siku moja. Niliwaambia wasitie kijiko mdomoni, wasimkalie mtu kifuani, wamlaze ubavu na kumtoa penye maji au moto, kisha wakae naye mpaka ajue jina lake. Niliwaambia dawa ikiharibu ufizi, kalalamike kwa daktari, usilalamike kwa mama yako. Wengine walininunia. Mwanamume mmoja aliniambia ninawatisha watoto. Nilimwambia ndiyo, natisha, kwa sababu mimi sikutishwa.

Habari za Saru zilinifikia kwa mtu wa Mwanda aliyekuja kushonesha suruali. Mtoto wa Mama Saru ameanza kuangukaanguka, alisema, lakini wamesema ni minyoo. Nilifunga cherehani nikapanda mlima.

Saru alikuwa na umri wa miaka tisa hivi, mwembamba, ana pengo la jino la mbele, anabeba debe dogo kichwani. Nilimkuta mama yake shambani nikamweleza kila kitu, kaka yangu, udongo, nyoka. Nilimwomba ampeleke Voi, atalala kwangu. Na kwa sasa asimtume mferejini peke yake. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Nakuamini kwamba unaumwa, Wakesho," alisema. "Lakini Mwadime alikufa kwa nyoka. Hilo hata mimi niliyekuja juzi nalijua."

"Muulize baba mkwe wako."

Alimuuliza. Jioni ile ile alinifuata kwa mama, amefura. Mzee Kilambo alikuwa ameshika Biblia, akamwapia kwamba nyoka alimwona kwa macho yake mawili, na kwamba mimi ni mtu wa kichwa kibovu, huwa naota mambo. "Wewe ni rafiki yangu," aliniambia, "lakini usimtukane mtu mzima aliyeshika Biblia."

Mama alikuwa amekaa pale pale, kwenye kigoda chake. Nilimgeukia. Nilimwambia, "Mama, mwambie."

Mama alisema, "Mimi sikuwepo mferejini."

Ni kweli, hakuwepo. Sijawahi kusikia kweli iliyosemwa vibaya kama ile.

Niliacha vidonge vyangu vya wiki mbili kwa Mama Saru, aliyevipokea kwa adabu, na nina hakika vilitupwa. Masika ya mwaka uliofuata Saru alitumwa maji asubuhi kabla ya shule. Wanawake walimkuta mferejini, debe limeelea, yeye uso chini. Maji ya kufika kifundo cha mguu tu.

Kwenye mazishi watu walikuwa wengi, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mzee Kilambo alisimama kusema kwa niaba ya familia. Alikuwa amezeeka, na sitamdhulumu: alimpenda yule mtoto. Alisema mjukuu wake aliugua homa ya ghafla, Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Mama Saru alikuwa ameshikwa na wanawake wawili. Alijitoa mikononi mwao.

"Baba," alisema, si kwa sauti kubwa. "Yule nyoka wa Mwadime ulimwona. Alikuwa wa rangi gani?"

 Watu wote wa mfereji walikuwepo, wale wazee waliobaki, wake zao, watoto wao waliofyeka nyasi. Mchungaji alianzisha wimbo na hakuna aliyeupokea, ukafa mdomoni mwake. Mzee Kilambo alivua kofia, akaivaa tena, akakaa chini.

Nikasimama mimi. Nilisema si homa. Nilisema ni kifafa, ni maji, na ni kuachwa peke yake, na kaka yangu alikufa hivyo hivyo na wote waliokuwa na mvi pale walijua. Nilisema kama kuna mzazi mwingine hapa mwenye mtoto wa minyoo inayoangusha, kesho nashuka Voi na basi la kwanza na ninaweza kushuka naye. Mama alinivuta rinda. "Keti, unatuaibisha." Niliendelea kusimama mpaka nilipomaliza.  Kesho yake kituoni walikuwepo wazazi wawili na watoto wao, wamesimama mbalimbali, kila mmoja anajifanya hakumwona mwenzake.

Hayo yalikuwa ya kesho yake. Siku ya mazishi, udongo ulipokwisha kusawazishwa, Mama Saru alinifuata nilipokuwa nikinawa mikono. Wanawake walikuwa nyuma yake wakimwambia yale yanayosemwa, siku yake ilikuwa imefika, hakuna anayepita siku yake.

"Wewe hukunidanganya," aliniambia. "Niambie na hili. Kama mtu angekuwa naye pale, angeishi?"

Mwanamke mmoja mzee alinibana mkono kwa nyuma, kwa nguvu, kunionya. Nilielewa anachotaka niseme. Ilikuwa rahisi, na ingekuwa huruma, na kila mtu angenishukuru. Nilimtazama Mama Saru usoni.

"Ndiyo," nikasema. "Angeishi."

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Wanawake walinitazama kwa chuki, na mmoja akasema nina moyo wa jiwe. Mama yangu aliondoka bila kunisubiri. Lakini Mama Saru alikuwa amenishika mkono na hakuuachia, tukakaa chini hivyo kando ya udongo mbichi mpaka watu wote wakaenda zao.